Athari Moja ya Maji

Saa kumi na robo alfajiri, Birkat al-Mauz.
Zamu ya baba imeanza na baba hayupo.
Nimeondoa kizibo, tambara na jiwe lake,
maji yanaingia mitendeni bila kuuliza ni ya nani.

Thuweni, ndugu yangu,
ujumbe wako wa usiku nimeusoma mara saba.
Mla vya marehemu, umeniita.
Jibu niliandika. Lilikuwa zuri, naapa,
lina meno, lina jina la mkeo ndani yake.
Kidole kilikaa juu ya kitufe
kama nzi juu ya jeraha.

Kisha nikakumbuka sanduku.

Unakijua kile kitabu cha Warumi kisicho jalada
alichotoka nacho Unguja
pamoja na masufuria mawili na cherehani isiyo sindano.
Tulimcheka: mzee wa kilemba gani anasoma wafu wa Rumi?
Naye, akipasua ndimu kavu kwa kisigino cha kisu:
"Maji matamu hayaulizwi jabali yalikotoka."
Alipenda kwamba nao walijenga mifereji,
walipima maji, waligombana kwa maji,
wakafa, mifereji ikabaki na kiu.

Pembezoni, kwa penseli, hati yake ya mteremko:

*Nia yako ndiyo yako, mengine ni ya njiani,*
*Zishike hasira zako, kama punda wa shambani,*
*Mali uitayo yako, ni karadha ya dukani,*
*Siku ya mauti yako, usikutwe u denini.*

Nilidhani anatuandikia sisi.
Alikuwa akijiandikia mwenyewe.
Unamkumbuka baba wa kwanza, yule wa mkanda,
aliyevunja redio kwa sababu ya chumvi?
Hakuzaliwa mpole. Alijichonga,
leo kidogo, kesho kidogo, siku nyingine akirudi nyuma,
hadi tukamsahau yule mwingine,
tukadhani upole ni maumbile, kama urefu.

Nilimwosha mimi. Wewe ulikuwa bado njiani, Dubai hadi huku,
sikulaumu, barabara ni barabara.
Muhanna mwoshaji alimshika mkono wa kulia
akanyamaza kidogo, akasema:
"Vidole vimefunguka vyenyewe.
Wengine huwa tunavikunjua kwa nguvu."

Athari, kwa Kiarabu cha hapa, ni nusu saa ya maji.
Kwa Kiswahili tulichonyonya kwa mama
ni alama ya kitu kilichokwisha pita.
Tunagombania nusu saa, Thuweni.
Tunagombania alama.

Zamani zamu ilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani,
usiku kwa nyota.
Siku hizi Shekhani, arifu wa falaji, ana saa ya Kijapani.
Amekaa ngazini pa msikiti, ananimulika na simu:
zimebaki dakika tano. Haongezi, hata kwa mfiwa.

Lile jibu nimelifuta.
Usidhani nimekusamehe, bado linanichoma hapa, chini ya mbavu.
Nimelifuta kwa sababu lilikuwa langu kulifuta.
Usiku kucha nimepekua hati, stakabadhi, ramani ya shamba,
hilo tu ndilo nililolikuta kuwa langu.

Njoo Ijumaa. Njoo mwenyewe, bila wakili.
Ukiitaka athari, ichukue; ukitaka tuiweke wakfu,
mitende ya msikiti nayo ina kiu.
Kahawa itakuwepo, na kitabu.
Mchwa wamekula Rumi karibu yote,
pembezoni wamepaacha.

Shekhani anaita. Naziba.
Maji yanageukia kwa jirani.
Viatu vyangu vimelowa.